Mashine Iliyozimwa Matangani

Msambweni,
Jumamosi baada ya Alasiri, mwezi wa pili tangu nitoke eda

Baba Mwanasiti,

Assalamu alaikum. Kwanza nakujulisha kwamba imemaliza. Najua ungetaka nianze na hilo, kabla ya habari za mtoto na kabla ya salamu za majirani, kwa sababu hivyo ndivyo ulivyokuwa ukiingia kutoka shuleni: kiatu kimoja bado mguuni, na swali limeshakutoka mdomoni. "Yavuma?" Ilivuma, ikanyamaza kwa muda mrefu, ikavuma tena, na sasa imemaliza. Mengine nitakueleza taratibu.

Barua hii naiandika wazi, wasome na wengine. Wengi waliokuja kutupa pole waliiona ile mashine chumbani wakauliza ni ya nini, nami wakati ule sikuwa na nguvu ya kujibu. Tena kuna maneno yaliyosemwa juu ya dada yako Mejumaa, na nataka yaishe.

Watu hapa walikujua kuwa mwalimu wa fizikia. Wachache walijua kwamba ulirudi kusoma mvi zikiwa zimeshaingia kichwani, na kwamba mwalimu wako wa chuo kikuu alikupa kipande chako cha kazi: galaksi mbili ndogo zinazoandamana na galaksi yetu kubwa. Mimi niliishia darasa la nane, lakini hukunieleza kama unavyomweleza mtoto. Ulinitoa uani baada ya swala ya Magharibi, giza likishika, ukanielekeza upande wa kusini, chini chini, kule iendako barabara ya Lunga Lunga. Paa la jirani linapoishia palikuwa na viwingu viwili hafifu, kimoja kikubwa kidogo kuliko mwenzake.

"Mvua ile," nikasema.

"Mvua ingekuwa imeshapeperushwa. Hivi vilikuwapo jana pale pale, na mwaka jana vilikuwapo."

"Basi ni nini?"

"Ni nyota. Nyingi mno na mbali mno, mpaka zimekuwa kama moshi."

"Na zafanya nini pale?"

Ukacheka kile kicheko chako cha puani. "Ndilo ninalolitafuta, Mama Mwanasiti."

Nakumbuka pia siku ile tukila mbaazi kwa mahamri, Mwanasiti alipokuuliza, "Baba, kama kubwa inazivuta zile ndogo, mbona haziangukii ndani?" Ukaweka kijiko chini kwa furaha. Ukasema haziangukii kwa sababu zinapita mbio kwa ubavu, kama mtu anayevutwa mkono huku anakimbia kando. Lakini kazi ngumu, ukasema, ni kwamba zile ndogo nazo zinavutana zenyewe kwa zenyewe. "Wakiwa wawili, unaweza kuwaandika kwa kalamu na kujua watakuwa wapi. Akiingia wa tatu, kalamu haifai tena. Inabidi utembee nao hatua kwa hatua."

Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya mashine: kutembea nao. Ulichukua kila galaksi ukaifanya vitone, malaki ya vitone, na kila kitone kikavuta vingine vyote na kuvutwa navyo. Ukaanzia zamani sana, kabla binadamu hajakuwapo, ukakisia zilikuwa wapi na zilikwenda mbio gani, kisha ukaiachia kompyuta iige safari yote mpaka leo. Zikifika mahali tofauti na pale tunapoziona juu ya paa la jirani, ulijua umekisia vibaya. Ukabadilisha kidogo, ukaanza tena. Ulitaka kujua neno moja tu: je, zile mbili zilikuwa pamoja tangu mbali, zikaja zikiandamana, au kila moja ilikuja peke yake zikakutana huku kwetu?

Mashine yenyewe uliiunga kwa vipande ulivyovinunua Ukunda kimoja kimoja. Ukaiweka chumbani kwetu, maana sebuleni wageni wangejikwaa kwenye nyaya. Tangu siku hiyo tulilala na mngurumo. Shoga zangu wa Mwabungo waliponitembelea wakauliza, "Ni nini hicho ndani?" niliwajibu, "Mke mwenzangu." Wakacheka mpaka mmoja akamwaga chai. Ulipolisikia neno hilo ulilichukua, na ikawa ndilo jina lake. Ukitoka asubuhi ulikuwa ukisema, "Mwangalie mwenzio, joto lisimzidi."

Mke mwenzangu alikuwa na faida moja, nami sikukuficha. Nyuma yake palitoka hewa ya moto, na bakuli la unga wa mahamri likiwekwa hapo, hata msimu wa baridi, unga uliumuka upesi kuliko jikoni. Uliponikuta nikilifunika bakuli kwa kitambaa nyuma ya mashine ulisimama mlangoni na chaki vidoleni, ukasema, "Nyota zote zile zimefanya kazi tangu enzi na enzi, kumbe ni kwa ajili ya unga wako!" Siku zile nilikuwa nikiwapelekea walimu wenzio mahamri, na Mwalimu Mutua, yule wa kompyuta aliyehamia kutoka Machakos, akawa anauliza kila mara, "Leo ni ya jikoni ama ya galaksi?"

Kisha ukaugua. Sitaiandika ile wiki ya hospitali. Wewe uliimaliza na mimi nimeimaliza. Nitaandika neno moja tu. Kila nilipokuja na uji, kabla hujauonja, uliniuliza, "Yavuma?" Nikajibu, "Yavuma." Ukafumba macho kama mtu aliyeambiwa mtoto amelala. Mara ya mwisho ulinishika kiganja. "Hii ndiyo iliyokaa sawa kuliko zote," ukasema. "Isizimwe mpaka imalize, hata nikichelewa kurudi." Nikakuahidi.

Ulichelewa, Baba Mwanasiti.

Unazijua desturi zetu. Nyumba ikipata msiba hunyamazishwa. Redio huzimwa, televisheni hugeuzwa uso ukutani, hata anayecheka barabarani hupunguza sauti akipita. Dada yako Mejumaa alifika kutoka Kinango kabla ya maiti kutoka hospitali, na yeye ndiye aliyeishika nyumba, kama unavyomjua. Mimi nilikuwa nimekaa chini, wanawake wamenizunguka, sikuona wala sikusikia. Alizima redio. Akachomoa televisheni. Akaenda chumbani kunitandikia nikae eda, akasikia mngurumo.

Bi Mwaka jirani yetu alinisimulia baadaye. Wifi alisimama katikati ya chumba, mikono kiunoni, akasema, "Nyumba ina msiba, na hiki nacho chavuma nini?" Akainama, akafuata waya mpaka ukutani, akachomoa. Akaona ile betri ya akiba bado inalia, akachomoa na waya wake pia. Kisha akachukua shuka nyeupe akaifunika mashine yote, taratibu, kwa heshima, kama anavyofunikwa aliyelala.

Niliingizwa chumbani jioni, baada ya kuzikwa kwako. Kitu cha kwanza nilichokisikia ni kimya.

Nilijilaza nimeielekea ile shuka, nikaliweka moyoni. Lakini Mwanasiti ni mtoto wako, hana mdomo wa kufunga. Alipokuja kunitazama asubuhi na kuiona ile shuka, alitoka mbio mpaka uani kulikojaa watu. "Shangazi! Ni wewe uliyezima? Baba alisema isizimwe! Umeizima kazi ya baba!"

Wifi alikuwa akichambua mchele. Nimeambiwa aliendelea kuchambua kwa kitambo, kisha akauliza polepole, "Kazi gani?" Mtoto akamweleza huku analia, yote uliyokuwa ukimweleza mezani, vitone na safari na kuanzia zamani, na kwamba ilikuwa karibu kuufikia wakati wetu.

Tangu siku hiyo wifi hakukanyaga chumbani kwangu. Alikaa nami eda nzima, alinipikia, alinifulia, alinifulia hata vile ambavyo mtu hufua mwenyewe, lakini chakula alikiweka kizingitini. Nikimwambia, "Ingia, wifi, tuzungumze," husema, "Hapa panatosha." Na watu ni watu. Nje walishaanza kusema kwamba Mejumaa alimzika ndugu yake mara mbili. Yakamfikia. Akayameza.

Nami nilikaa eda pamoja na mke mwenzangu. Yeye amefunikwa nyeupe, mimi nimejifunika vyangu, hakuna anayetoka, hakuna anayesema. Mwalimu Mutua alituma salamu kwa Mwanasiti: chuo kikuu kimeulizia kazi yako, na yeye atakuja kuiangalia mashine nitakapotoka eda, kwa kuwa imo chumbani mwangu na hakuona adabu kuingia kabla. Nilijibu ahsante, asubiri. Kusema kweli nilifurahi kwamba lazima asubiri. Maadamu hajaja, hakuna aliyeniambia kuwa yote yamepotea. Nilikuwa nikiitazama ile shuka nikifikiri zile galaksi mbili zimekatika njiani, karibu kabisa na nyumbani, na kwamba ahadi niliyokupa haikudumu hata siku moja.

Eda ikaisha. Nikaoga, nikavaa leso ya rangi, nikaonana na jua. Mwalimu Mutua akaja na mkoba wa vifaa na brashi ya rangi. Wifi akamkaribisha, akamwelekeza, akabaki nje ya mlango wa chumba, ameegemea ukuta wa ukumbini.

"Wifi, njoo basi."

"Mimi siingii humo. Niambieni tu mkishamaliza."

Mutua akaivua shuka. Hewa yetu ya chumvi ilikuwa imeshaanza kuzila skrubu, na sisimizi walikuwa wamejenga ndani, wana mayai na kila kitu. "Hawa nao ni wapangaji wenu?" akauliza. Akapangusa, akapuliza, akabana hiki na kile. Akabonyeza. Hakuna kitu. Akabonyeza tena. Nikasikia Mwanasiti nyuma yangu akivuta pumzi. Mutua akakuna kichwa, akachomoa kipande kimoja kirefu chembamba, akakisugua kwa kifutio cha penseli, akakirudisha mahali pake, akabonyeza mara ya tatu.

Ikaanza kwa chini, kama mtu anayekohoa, kisha ule mngurumo ukapanda.

Na kutoka ukumbini, kwa sauti ndogo, wifi akauliza, "Yavuma?"

Hakujua kwamba hilo ni neno lako. Au pengine nyote mlilitoa kwa mama yenu. Nikakaa kitandani.

Mutua alikuwa akisoma kiooni na kuguna. Akaguna tena, halafu akageuka, uso umechanua. "Mama Mwanasiti, hii kitu haijakufa."

"Vipi haijakufa? Ilichomolewa katikati."

"Ilichomolewa, ndio. Lakini mwalimu hakuwa mjinga. Ilikuwa inajisevu. Kila ikienda hatua kadhaa inaandika vitone vyote viko wapi na vinaenda wapi, inaweka kando, ndiyo inaendelea. Ile ya mwisho iliandika hiyo siku yenyewe. Tumepoteza kidogo sana. Tunaiambia tu iendelee kutoka hapo."

"Basi mbona alisema isizimwe?"

"Si ingechelewa? Alikuwa na haraka ya kuona. Hakusema itakufa."

Hapo ndipo nilipokumbuka, nikajipiga paja. Kila stima ilipopotea Msambweni hadi betri ikaisha, ulikuwa ukikaa mbele ya mashine stima inaporudi, unabonyeza mawili matatu, unasema, "Haya, twende tena." Nami nilidhani unaanza upya tangu mwanzo wa dunia, nikakuonea huruma. Kumbe ulikuwa ukiendelea ulipoishia. Nimekaa eda nzima na jibu hilo masikioni, sikulisikia.

Wifi alikuwa ameshafika kizingitini. "Nifahamisheni vizuri," akasema. "Ni kama mtu asomaye msahafu, akatia kitambaa kwenye ukurasa, akaitwa nje. Akirudi afungua palepale?"

"Palepale, shangazi," akajibu Mutua.

"Na kitambaa kimo?"

"Kimo."

Akaingia. Alikuja mpaka kwenye mashine, akaweka kiganja juu yake, akasikia inavyotetema. Kisha akaketi sakafuni kwa kishindo akaanza kulia, na katikati ya kulia akacheka. "Ndugu yangu huyu! Angesema! Tangu utotoni ni hivyo, humwambia mtu nusu ya neno, nusu ya pili akaenda nayo shule." Mwanasiti akamwangukia shingoni akimwomba radhi, naye akamwambia, "Nyamaza. Wewe ulisema kweli ya siku ile. Sasa nenda nje ukaseme ya leo, na useme kwa sauti ile ile." Na mtoto akaenda, akaanza kwa Bi Mwaka. Unaijua kazi ya Bi Mwaka. Kabla ya Isha mtaa mzima ulijua.

Mashine ilivuma majuma kadhaa. Wifi hakurudi Kinango, alisema atangoja. Kila akiamka alikuja kwanza kuishika, kama anayepima homa ya mtoto. Mimi nikarudisha bakuli la unga nyuma yake.

Ijumaa ya wiki iliyopita, baada ya swala, Mutua alikuja kutuonyesha. Sote tulikaa kwenye mkeka. Ni picha inayotembea, Baba Mwanasiti, bila shaka wewe ulishaona vipande vyake. Kiooni ni giza, na vile viwingu viwili vinatokea mbali sana pembeni, karibu karibu. Vinazungukana. Kidogo kinakipita kikubwa, kinatupwa mbali kidogo, kinarudi. Kila vinapokaribiana kitu kama utepe wa moshi kinavutwa kutoka kwa mdogo kumwendea mkubwa, na moshi mwingine unabaki nyuma, mkia mrefu unaofuata walikopita. Kisha galaksi yetu inaonekana, kubwa, inawangoja, nao wanaingia wakiwa bado wameshikana.

Wifi alikuwa amekunja uso. "Sasa hawa walikuja pamoja, ama walikutana njiani?"

"Kwa hili jaribio la mwalimu, walikuja pamoja," akasema Mutua. "Wameandamana kitambo sana kabla ya kutufikia."

"Nilijua," akasema wifi. "Watu hawavutani nywele namna ile kama hawajazoeana."

Tukacheka, Baba Mwanasiti. Tulicheka katika chumba kile, kwa sauti, nami sikuona haya.

Mwalimu wako wa chuo kikuu naye alipiga simu. Hakunipamba kwa maneno, nikampenda kwa hilo. Alisema mkia wako umetoka mfupi kuliko ule wa kweli ulioko mbinguni, na kwamba hili si jibu la mwisho; wengine wataendelea. Lakini ule utepe kati ya wawili hao umekaa karibu sana na mahali unapoonekana, na kati ya majaribio yote mliyoyafanya hili ndilo lililofika karibu zaidi. Litaingia katika kazi yao, na jina lako litakuwapo. Nikamuuliza, "Kwa hiyo alikisia vizuri?" Akasema, "Alikisia vizuri sana, mama." Nimekuwa nikilirudia neno hilo nikisuka ukili wa mkeka, nikichota maji, nikimsuka Mwanasiti nywele.

Jana, baada ya Mutua kuchukua nakala zote, nilikaa peke yangu mbele ya mke mwenzangu. Kiooni palikuwa na mstari mmoja tu aliosema Mutua kuwa maana yake ni kwamba kazi imekwisha. Nikakumbuka ulivyoniambia: isizimwe mpaka imalize. Basi nimeizima mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, kwa sababu imemaliza. Kimya kilichokuja hakikuwa kile cha siku ile. Nilikisikiliza, nikaweza kukaa nacho. Baada ya Magharibi nilitoka uani na Mwanasiti tukaviangalia vile viwingu viwili juu ya paa la jirani. Vipo. Akaniambia atasoma fizikia. Sikumwambia ndiyo wala la. Nilimwambia kwanza amalize kidato cha pili.

Wifi ameondoka leo asubuhi. Alipita chumbani kuniaga, akaketi kitandani kama zamani, akanywa chai yake humo humo.

Nami naimaliza barua hii nikingojea unga. Nimeuweka nyuma ya mashine kwa mazoea, na leo hakuna joto, unachelewa kuumuka. Si neno. Nitaungojea.

Mola akupe nuru kaburini na akufungulie yale uliyokuwa ukiyatafuta. Na ikiwa huko mnajaliwa kukumbuka ya huku, usinikumbuke na uji wa hospitali. Nikumbuke uani, giza likishika, nikikuambia kuwa ile ni mvua.

Mkeo,
Mama Mwanasiti